Risiti ya Chumba Kimoja: Kisa cha Safari ya Kikazi kutoka Malaba hadi Jinja

Bahasha niliyokabidhiwa Jumatatu ile ilikuwa na karatasi sita, na swali lililokuja nayo lilikuwa moja tu: je, kampuni imrudishie afisa wake wa mauzo shilingi 90,000 alizolipia boti kwenye chanzo cha Mto Nile huko Jinja, au imkate mshahara wa siku nzima kwa kuwa aliitumia Ijumaa ya kazi kutembea? Mimi ni mtunza hesabu. Nashughulikia vitabu vya kampuni kadhaa ndogo za usafirishaji hapa Malaba, upande wa Uganda, na maswali ya aina hiyo huwa nayajibu kwa robo saa. Hili lilinichukua siku tisa, na nilipolijibu nilikuwa nimekwisha kutambua kwamba jambo kubwa la safari ile halikuwa limeulizwa kabisa. Nimepata ruhusa ya wahusika wote watatu, yaani mwenye kampuni, afisa wa mauzo na dereva, kukiandika kisa hiki bila majina, kwa sababu pikapu nyingi hutoka mpakani kila wiki kwa safari kama hiyo, nami sijaona mtu aliyeichambua mpaka mwisho.

Kampuni yenyewe ina malori sita yanayochukua mizigo ya wateja kutoka bandari ya Mombasa, kupitia hapa Malaba, hadi viwandani na maghalani ndani ya Uganda. Kiwanda kimoja kilichoko ng'ambo ya Mto Nile, upande wa Njeru, kilikuwa kinatafuta msafirishaji mpya, na meneja wake wa usafirishaji alikubali kuonana na afisa wetu wa mauzo siku ya Alhamisi saa 8 mchana. Kutoka Malaba hadi Jinja ni kilomita zipatazo 140, ukipitia msitu wa Busitema, Bugiri, Iganga na Kakira. Mwenye kampuni ana kanuni aliyoiweka mwenyewe baada ya kuona mengi barabarani: gari la kampuni lisiwe njiani baada ya saa 1 usiku. Kikao kinachoanza saa 8 mchana Njeru, kikichukua saa mbili au tatu, hakimwachii mtu nafasi ya kufika Malaba kabla ya giza. Kwa hiyo kulala Jinja kulikuwa sehemu ya kazi tangu mwanzo, na hakuna aliyekupinga. Nalisema hili mapema kwa kuwa baadaye, ugomvi ulipopamba moto, mweka fedha wa kampuni alianza kudai kwamba hata usiku wenyewe ulikuwa anasa.

Walikwenda wawili kwa pikapu: afisa wa mauzo, ambaye ni mwanamke mwenye familia yake, na dereva mwenye umri wa miaka arobaini na kitu. Kabla ya kuondoka walitia saini fomu ya posho ya safari, afisa akapokea shilingi 180,000 na dereva shilingi 60,000. Fomu hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake mna mstari unaosema kwamba fedha hizo ni za malazi na chakula. Dereva hasomi Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, nacho ndicho kinachosemwa ofisini humo kutwa nzima, lakini karatasi inayohusu fedha za dereva haikuandikwa kwa lugha anayoisoma. Alichosikia ni neno moja tu, posho, na hapa Uganda neno hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa mbali na marupurupu ya safari, ndilo jina la sima ya mahindi inayoliwa nyumbani na shuleni. Mtu anayepewa posho huona amepewa chakula cha watoto. Nitalirudia neno hili.

Alhamisi waliondoka Malaba saa 3 asubuhi, wakafika Jinja saa 6 na nusu, wakavuka mto na kuwa kiwandani kabla ya wakati. Kikao kilikwenda vizuri, wakaonyeshwa maghala, wakamaliza saa 11 jioni. Afisa alichukua chumba katika hoteli ya wastani mjini Jinja kwa shilingi 110,000 pamoja na chai ya asubuhi, kisha akaomba apelekwe mahali pa kula samaki, na gari likarudi hotelini saa 2 usiku. Wakati wa kuagana jioni ile meneja wa kiwanda alikuwa amemwambia kwamba mtu hafiki Jinja akarudi kwao bila kuuona mwanzo wa Nile, na kwamba Ijumaa saa 3 asubuhi angekuwa huko na msaidizi wake. Afisa alikubali. Alipiga simu Malaba kumjulisha mwenye kampuni, simu haikupokelewa, naye hakuandika ujumbe. Hilo ni kosa lake, na yeye mwenyewe amelikiri.

Ijumaa walikutana mtoni. Afisa akalipa boti kwa watu watatu, yaani meneja, msaidizi wake na yeye mwenyewe, shilingi 30,000 kila mmoja. Walizunguka majini kwa muda unaokaribia saa moja, wakaketi kivulini wakinywa soda, na saa 5 wageni wake wakarudi kazini. Afisa hakuondoka hapo hapo. Alikwenda kutembea kwenye barabara kuu ya Jinja, akala chakula cha mchana, akanunua vitu vidogo vya nyumbani, na saa 9 alasiri wakaanza safari. Walifika Malaba saa 12 na nusu jioni, na dereva akakabidhi funguo saa 1 usiku.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye maelezo ya afisa. Karatasi nyingine zilikuwa risiti ya mafuta, risiti ya hoteli, kipande cha karatasi ya boti kilichoandikwa kwa mkono, maombi ya marejesho, na risiti ya kioo cha pembeni cha pikapu kilichonunuliwa Tororo siku ya Jumamosi kwa shilingi 70,000.

Kabla ya kuingia kwenye uchambuzi, sina budi kueleza kwa nini kisa kilifika kwangu kikiwa kimechemka. Risiti ya hoteli ilionyesha chumba kimoja, na waliosafiri ni watu wawili, mwanamume na mwanamke. Mweka fedha aliiona, akamwonyesha mtu mwingine, na kufika Jumamosi mchana maneno yalikuwa yameenea mpaka kwenye foleni ya malori. Sitaki kulipita jambo hili kwa haraka. Mwanamke aliyekwenda kuitafutia kampuni mkataba alirudi akakuta heshima yake inajadiliwa na vijana wa forodhani, na hakuna hata mmoja ofisini aliyechukua dakika mbili kumuuliza dereva alikolala. Kilichoombwa kwangu kwa jina la hesabu ya boti kilikuwa, kwa sehemu, hukumu ya uvumi.

Nilianza na dereva, kwa sababu karatasi zake hazikuwapo. Afisa alikuwa amedai marejesho ya boti na dereva hakuwa amedai chochote, na katika kazi hii nimejifunza kumtazama zaidi mtu asiyedai. Nilimwita tukaketi nje ya ofisi.

"Alhamisi ulilala wapi?" nilimuuliza.

"Jinja, Mzee."

"Jinja mahali gani?"

Alinyamaza kidogo. "Kwa gari."

"Na zile elfu sitini?"

"Hiyo ni posho, Mzee. Posho inaenda nyumbani. Mtoto alikuwa ametumwa ada."

Alikula chapati iliyofungwa na mayai, ile inayoitwa roleksi, akamwomba askari wa hoteli amruhusu abaki kwenye maegesho, akakishusha kioo kwa upana wa vidole viwili ili apate hewa, na mbu wa ziwani wakaingia kwa upana huo huo. Anakadiria kwamba alisinzia kwa saa tatu, pengine nne. Afisa wa mauzo aliamini kuwa amekwenda gesti, kwa kuwa alimwona amepokea posho, na dereva hakumwambia vinginevyo.

Hapo risiti ya chumba kimoja ikawa na maelezo yake, na risiti ya kioo pia. Nilipomuuliza afisa kuhusu kioo, alisema kwamba Ijumaa wakirudi, walipokuwa wameipita Kakira, wakielekea Musita, walikuwa wanapishana na malori ya miwa. Yeyote anayeijua barabara ile anayafahamu malori hayo: yamejazwa kupita ukuta wa bodi, na mabua yametokeza pande zote mbili kama mikono. Alisikia mshindo upande wa dereva, kioo cha pembeni kikaning'inia, na gari lilikuwa limekaribia mstari wa kati kuliko ilivyopasa. Dereva alimwambia, "Macho yalinipotea, dada." Walisimama Iganga, akanawa uso, wakaendelea. Kilomita zipatazo mia moja zilikuwa zimebaki, na watu wawili wakazimaliza kwa bahati.

Sasa nirudi kwenye boti, maana hilo ndilo nililoulizwa na lazima lijibiwe kwa haki.

Mwenye kampuni alishikilia kwamba kampuni haimlipii mtu utalii. Kama kanuni, maneno hayo ni sahihi, lakini hayatuambii kama saa moja ile majini ilikuwa utalii. Nilimwomba afisa anieleze kilichosemwa kwenye boti, neno kwa neno kadiri anavyokumbuka. Mwanzoni, alisema, meneja aliwaonyesha mahali ziwa linapoishia na mto unapoanza. Aliwaeleza kwamba Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alipofika hapo mwaka 1862 alikuta maporomoko, akayapa jina la Ripon, na kwamba Wasoga, wenyeji wa Jinja, walikuwa wakiuita mto huo Kiyira tangu zamani za mababu. Maporomoko hayo hayaonekani tena, kwa sababu bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilipokamilika mwaka 1954 maji yalipanda na kuyafunika. Kwa miaka mingi barabara ya kutoka Malaba kwenda Kampala ilipita juu ya bwawa hilo hilo, malori na yote, mpaka daraja jipya lenye urefu wa mita 525 lilipofunguliwa Oktoba 2018.

Kutoka kwenye daraja mazungumzo yaliingia kwenye malori, na hapo ndipo yalipogeuka kuwa kazi. Meneja alisema kwamba tangu daraja lifunguliwe kuvuka si taabu tena, na taabu imehamia langoni kwake. Mizani ya kiwanda hufungwa saa 10 jioni. Lori likifika saa 10 na dakika tano halipimwi wala halishushwi mpaka asubuhi, na dereva wake hulala nje ya lango. Msafirishaji waliyeachana naye alikuwa akilalamika kila mwezi kuhusu siku zinazopotea, kwa kuwa bei aliyowapa hakuihesabia usiku huo.

Afisa wetu naye hakuwa ameuhesabia. Bei aliyoiwasilisha Alhamisi ilidhani lori litafika, litashusha na kugeuza siku hiyo hiyo. Jumamosi alikaa akaipiga upya akiongeza usiku mmoja wa dereva na nusu siku ya lori kwa kila safari, na Jumatatu, siku ile ile nilipopewa bahasha, barua mpya ikaenda Njeru. Kiwanda kiliikubali. Kwa kila safari tofauti hiyo ni kubwa kuliko gharama ya boti, na kampuni haingeijua kama asingekwenda mtoni, kwa sababu kwenye kikao cha Alhamisi, mbele ya watu wengine, meneja hakuwa na sababu ya kuzungumzia udhaifu wa mizani yake.

Kwa hiyo nimeigawa Ijumaa ile mahali ilipogawanyika yenyewe. Kuanzia saa 3 hadi saa 5 afisa alikuwa kazini, kwa sababu aliyealika ni mteja, waliokuwapo ni mteja na msaidizi wake, na kilichozungumzwa kiliingia kwenye bei. Kuanzia saa 5 hadi saa 9 alikuwa na shughuli zake mwenyewe. Alitazama zile nyumba za zamani za Wahindi zilizochorwa miaka ya kujengwa kwake juu ya milango, akala, akanunua. Simlaumu kwa kupenda kuuona mji, na mtu aliyefanya kazi Alhamisi kuanzia asubuhi mpaka jioni ana haki ya kupumua. Lakini saa nne hizo hazikuwa za kampuni, na jambo ninalomlaumu nalo, mbali na kutoandika ujumbe, ni kwamba alizitumia huku mtu mwingine akimngoja.

Kuhusu fedha za boti zenyewe, nilipendekeza zilipwe zote, ila ziandikwe zilivyo. Sheria ya Kodi ya Mapato haiyahesabu kuwa mapato ya mfanyakazi marejesho ya nauli, malazi na chakula anapokuwa safarini kwa kazi ya mwajiri wake, lakini boti si nauli wala malazi wala chakula. Ni gharama ya kumkirimu mteja, na gharama za namna hiyo zina masharti yake. Kampuni isitarajie kuziondoa kwenye faida inayotozwa kodi kama inavyoondoa mafuta ya gari. Isitoshe, karatasi ya mkono haina nguvu mbele ya mamlaka ya mapato panapotakiwa ankara ya EFRIS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka hiyo. Nimewaambia wailipe na waiache nje ya hesabu ya kodi. Wako wanaoona kuwa namna hii ni ukali usio na faida, ila nimewahi kuona kampuni ikisumbuliwa mwaka mzima kwa vipande vya karatasi vidogo kuliko hicho.

Na mshahara wa Ijumaa? Hapa sikusita. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haimruhusu mwajiri kukata mshahara wa mtu kwa jinsi anavyoona yeye. Makato yana orodha yake, na hasira haimo. Kama kampuni inaona kwamba saa nne zilitumika vibaya, imwandikie onyo au imwondolee nusu siku ya likizo kwa makubaliano naye. Afisa alikubali nusu siku.

Jambo la boti likaishia hapo. Lililonikosesha utulivu lilikuwa la dereva, na nilitumia siku saba kati ya zile tisa kulifuatilia, huku mwenye kampuni akiniuliza kila mara kwa nini naendelea kuchimba jambo ambalo hakulileta.

Niliomba kitabu cha gari na nikaihesabu wiki nzima. Jumatatu, Jumanne na Jumatano alifanya saa 10 kila siku, jumla 30. Alhamisi alianza saa 12 asubuhi kuosha gari na kutia mafuta, akamaliza saa 2 usiku aliporudisha afisa hotelini: saa 14. Ijumaa alikuwa macho na funguo mkononi kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 1 usiku: saa 13. Jumamosi akaenda Tororo kutafuta kioo: saa 5. Ukijumlisha unapata saa 62. Sheria hiyo hiyo ya Ajira inaweka saa 48 kwa wiki, na hata panapokuwa na makubaliano ya kuzidisha, kikomo cha kawaida ni saa 10 kwa siku au 56 kwa wiki. Dereva alivuka mistari yote hiyo, na katikati ya siku mbili ndefu kuliko zote hakuwa na kitanda.

Mwenye kampuni alinijibu kwamba sehemu kubwa ya saa hizo ni kukaa tu. Nililipima jibu hilo kwa uangalifu, kwa sababu waajiri wengi wanaliamini kwa nia njema. Nikamwuliza dereva: Ijumaa, kuanzia saa 5 hadi saa 9, kwa nini hukulala garini? Alisema kwamba dada alimwambia wanaondoka sasa hivi. Alilisema hilo saa 5, akalirudia kwa simu saa 6 na nusu, akalirudia tena saa 8. Mtu anayeambiwa sasa hivi hawezi kulala, hawezi kwenda kutafuta chakula mbali, hawezi hata kushuka mpaka ukingoni kuutazama mto. Kama angeambiwa tangu mwanzo kwamba safari ni saa 9, angekuwa na saa nne zake, angezilaza mbavu zake chini ya mwembe, na pengine kioo kingekuwa kizima. Kungoja usikokujua mwisho wake ni kazi, tena kazi inayochosha, na ndiyo maana nimezihesabu saa hizo zote.

Katika mazungumzo hayo aliniambia jambo ambalo halina hesabu. Anaendesha magari kwenye barabara hiyo kwa miaka 11, ameupita mto mara ambazo hawezi kuzihesabu, kwanza juu ya bwawa na sasa juu ya daraja jipya, na mahali Nile inapoanzia hajawahi kufika. Ijumaa ile alikuwa kwenye maegesho ya hapo hapo, akilinda pikapu.

Fikirieni pia kama lile lori la miwa lingegonga mlango badala ya kioo. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamlinda aliyeumia kwa ajali iliyotokana na kazi yake na iliyotokea akiwa kazini, na inamhesabu vilevile mtu aliye njiani moja kwa moja kwenda au kutoka mahali pa kazi. Kuhusu dereva hakungekuwa na ubishi, alikuwa kazini kila dakika. Kuhusu afisa, mawakili wangebishana juu ya zile saa nne za mjini, kama zilikuwa zimeikata safari yake au la, na familia yake ingengoja. Mstari mmoja wa ujumbe wa simu, ukieleza mwaliko wa mteja na saa ya kuondoka, ungewaokoa na ubishi huo. Nimelisisitiza hili kwa afisa kuliko shilingi zozote.

Chanzo cha yote, kwa maoni yangu, ni namna posho ilivyotolewa. Gesti ya bei nafuu aliyoiulizia dereva jioni ile ilikuwa shilingi 45,000. Angeilipa, angebaki na 15,000 za kula kwa siku mbili na hakuna chochote cha kupeleka nyumbani. Ukimpa mtu fedha taslimu za malazi zisizotosha, ukamwachia zinazobaki, na mtoto wake ametumwa ada, umemwekea bei usingizi wake, naye atauuza. Atauuza kila safari. Na anayeununua ni kila mtu aliye kwenye barabara ya Iganga alasiri ile, akiwamo dada aliyeketi kando yake. Ndiyo maana nakataa maelezo ya mweka fedha kwamba dereva alikula fedha za malazi. Aliachiwa achague kati ya kitanda chake na shule ya mtoto, na waliomwachia uchaguzi huo walikuwa wameketi ofisini.

Mapendekezo yangu yalikuwa machache. Chumba cha dereva kilipwe na kampuni moja kwa moja kwa simu, katika hoteli ile ile anamolala aliyesafiri naye, na risiti itaje vyumba viwili na aliyelala katika kila kimoja. Hilo linamaliza uvumi, linaweka gari na dereva pamoja, na hoteli nyingi zinazopokea watalii zina vyumba vya madereva vya bei ndogo, ila mtu lazima aulize. Fedha za chakula zitolewe mkononi, kiasi sawa kwa dereva na afisa, kwa sababu njaa haina cheo. Fomu iandikwe kwa Kiswahili, na neno posho liondolewe: mstari mmoja useme fedha za chakula, mwingine useme chumba kilicholipwa. Saa ya kuondoka iandikwe kwa dereva kila asubuhi, na ikibadilika abadilishiwe kwa saa nyingine, si kwa sasa hivi.

Mwenye kampuni ni mtu anayesikia akipewa muda. Alimwita mweka fedha na afisa wa mauzo pamoja, akaukanusha uvumi wa risiti ya chumba kimoja mbele ya wote, jambo ambalo nililiona lina thamani kuliko marejesho. Boti ikalipwa. Kioo kikaandikwa kuwa gharama ya kampuni. Mwezi uliofuata walikwenda tena Njeru kutia saini, na risiti iliyorudi ilikuwa na vyumba viwili.

Dereva alinijia wiki hiyo, akiwa hana furaha niliyoitarajia. "Nimelala vizuri, Mzee," alisema, "lakini ada je?" Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu alikuwa sahihi: nilikuwa nimempa kitanda kwa kumwondolea fedha alizozitegemea. Nilirudi kwenye zile saa 62. Zinazozidi 48 ni saa 14, na Sheria ya Ajira inataka saa za ziada za siku za kawaida zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Mshahara wake wa shilingi 520,000 kwa mwezi, ukigawanywa kwa saa 208 za mwezi (saa 48 kwa wiki 52, zikigawanywa kwa miezi 12), ni shilingi 2,500 kwa saa. Mara moja na nusu ni 3,750. Kwa saa 14 ni shilingi 52,500. Ni karibu sawa na zile elfu sitini alizozilalia garini, na hizi ni jasho lake halali.

Mwenye kampuni amelipa saa 10 kati ya hizo, yaani shilingi 37,500. Saa nne anazozikataa ni zile za Ijumaa, kuanzia saa 5 hadi saa 9, pale dereva alipokuwa akiambiwa wanaondoka sasa hivi. Nimeziandika shilingi 15,000 hizo kwenye safu ya madeni ya kampuni, na kila mwisho wa mwezi ninapofunga hesabu nazisoma kwa sauti mbele yake.